Panapofumuka

Sijapata kuuona mpira wa kikapu ukichezwa.
Jumamosi ni siku ya maharusi, na maharusi hawangoji.
Lakini Jumapili asubuhi, kiti changu hakijashika joto,
Salhina wa Limbani hunitupia gunia mlangoni:
"Bi Mgeni, wallahi jana ilikuwa kazi!"
Usinihadithie, namwambia. Ziache nguo zinihadithie.

Mikono mirefu, suruali mpaka kifundoni,
kitambaa cha buluu nilichokifuata mwenyewe Chake.
Kinavutika. Uzi ndio usiodanganya.

Hii ya Kazija, namba tano.
Imefumuka mabegani, kushoto na kulia,
kama aliyevutwa na pande mbili za ukoo zinazogombea mirathi.
Chini ya kikapu, naambiwa, hapendwi mtu:
unampa mwenzio mgongo, unakita kisigino,
unasukumwa nawe husogei,
kisha unaruka, unatua, unaruka tena pumzi haijarudi.
Ramadhani nilimpunguzia kiuno inchi mbili.
Baada ya Idi nikazirudisha, na nusu juu yake.

Mize, namba moja, hafiki begani kwa Kazija.
Juu nguo yake nzima, kama ya dukani.
Shuka chini: mapajani pamelika kwa ndani,
kuchutama na kukimbia, kukimbia na kuchutama,
kukata kona kama kuku aliyeona kisu.
Siku moja nampima kifua, utepe mkononi,
nasikia moyo unapiga polepole, mpaka nikadhani anaumwa.
"Ndivyo ulivyo, bi. Umeshazoea."

Riziki hurusha kutoka mbali.
Kwapa la kulia tu, kila wiki, uzi uleule.
Mia mbili kwa siku, anasema, mkono juu, mkono juu,
kama mchumaji anayelifuata tawi la mwisho.
Nikamtilia kipande cha pembetatu.
Akarudi amenuna: "Mkono umekuwa mwepesi, mpira unapita juu ya ringi."
Nikakitoa.

Na Raya, ah, Raya,
namba nne, au tatu, siku nyingine mbili,
popote penye pengo. Kwake sitabiri:
nyonga, kiwiko, goti, ukosi.
Saruji ya Jadida inamtafuna kama panya.
Msimu wa karafuu watu huanika hapohapo uwanjani,
wasichana wanafagia kabla ya zoezi,
na vikonyo vilivyobaki hunijia vimejikita katika nyuzi.
Navichomoa kwa sindano. Chumba kizima kinanukia.

Namba kumi na mbili hainisumbui.
Ya Hidaya. Imechakaa pahala pamoja,
pale mtu anapokalia benchi.
Huifua kabla ya kuileta. Haina cha kufuliwa.

Jumapili iliyopita Salhina hakulitupa gunia. Aliliweka.
Suruali ya Mize ilikuwa juu,
mguu wa kushoto wazi, toka kifundoni hadi pajani,
mstari mmoja, umenyooka.
Hiyo haikuraruka. Huo ni mkasi,
mkasi wa mtu mwenye haraka,
na mimi mkasi naujua.

"Hakuguswa na mtu," Salhina akasema.
"Aligeuka tu. Goti likabaki
linatazama kule alikokuwa anakwenda."

Nilikaa na ule mguu wa suruali mapajani
nusu ya asubuhi.
Nguo nitaiunga, mshono wangu hauonekani.
Goti nani analishona?

Chini kabisa ya gunia, imekunjwa vibaya,
haikufuliwa, kumi na mbili.
Nikaigeuza ndani nje.
Mapajani nyuzi zimeanza kunyanyuka.
Damu kidogo ukosini, nadhani si yake,
na kwenye goti la kulia tundu, la kwanza,
dogo, linapita kidole.

Nikalitia kidole.

Jumamosi hii zipo harusi mbili Bopwe.
Nimewaambia wenyewe waje kuchukua Ijumaa.